Waacheni Warekodi

Kuna tabia moja hapa kambini imenichosha, na safari hii nimeona niiandike badala ya kuendelea kuinung'unikia kituoni. Kila vijana wetu wakipanda jukwaani, iwe Juni 20, iwe Siku ya Wanawake, iwe fainali ya mpira tu, lazima atokee mtu mwenye kizibao na kitambulisho shingoni aseme: "Weka simu chini, hairuhusiwi kurekodi." Wakati huohuo, hatua tatu kutoka pale, amesimama mpiga picha wa shirika na kamera yake ya miguu mitatu, anarekodi kila kitu. Sherehe inaisha, kamera inaingia kwenye gari, gari linaondoka. Na muziki wetu umo ndani ya lile gari. Hatuuoni tena.

Tusiseme ni mashirika peke yake. Wanamuziki wetu wenyewe wana ugonjwa huohuo. Unamkuta kijana gitaa lake halina hata nyuzi sita kamili, nyingine ni waya wa breki ya baiskeli, lakini ukitoa simu anakugeukia: "Usinirekodi bana, utaniibia wimbo." Anataka kuutunza wimbo mpaka siku atakayofika studio. Studio ipi? Siku gani? Hajui. Wimbo unakaa kichwani mwake, na kichwa hakina nakala ya pili.

Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe si dogo. Ili nieleweke, nitawapeleka mbali kidogo, hadi Marekani, kwa bendi moja ya roki inayoitwa Grateful Dead. Kuna fundi wa sauti aliyewahi kuja kujitolea kituoni kwetu, akatuachia flashi iliyojaa maonyesho yao. Vijana walicheka kwanza. Wimbo mmoja dakika ishirini, mwimbaji haonekani kuwa na haraka ya kwenda popote. Mzee mmoja wa Bukavu aliyekuwa amekaa mlangoni akasikiliza, akasema, "Hao wanapiga seben, ila wamesahau kurudi." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Sisi tuliolelewa na Franco na TPOK Jazz tunajua seben ni nini: maneno yanakwisha, magitaa yanachukua wimbo, watu wanaanza kucheza. Grateful Dead walianzia hapo, wakaendelea bila kupanga watatokea wapi. Muziki wao unaitwa roki ya saikedeliki kwa sababu ulizaliwa pamoja na dawa ya kulevya iitwayo LSD. Hilo nitalirudia, maana mimi ni mhamasishaji wa vijana na sitaki mtu aninukuu vibaya.

Jina lenyewe linatuhusu. Inasimuliwa kwamba Jerry Garcia, mpigaji gitaa wao, alifungua kamusi na macho yakaangukia maneno hayo mawili. Ni jina la hadithi ya kale inayopatikana kwa mataifa mengi: msafiri anakuta maiti imenyimwa kaburi kwa sababu ya deni, anatoa pesa yake ya mwisho kumzika mtu asiyemjua, na baadaye yule marehemu anarudi kumsaidia njiani. Marehemu mwenye shukrani. Nani hapa kambini hajawahi kuchangia sanda ya mtu asiye wa ukoo wake?

Walianza 1965 upande wa Palo Alto, California: Garcia, Bob Weir, Phil Lesh, Bill Kreutzmann na Ron McKernan waliyemwita Pigpen. Kwanza waliitwa Warlocks, wakabadilisha waliposikia kuna bendi nyingine yenye jina hilo. Walijifunzia kazi kwenye mikesha iliyoandaliwa na mwandishi Ken Kesey, ambako hapakuwa na mpaka kati ya jukwaa na watu. Waliokuja kusikiliza walikuwa sehemu ya onyesho kama wapigaji wenyewe. Baadaye wakaishi pamoja kwenye nyumba namba 710, mtaa wa Ashbury, San Francisco. Mwaka 1967 walitoa albamu ya kwanza na wakampata Mickey Hart, mpigaji ngoma wa pili.

Kibiashara hawakuwa moto. Studio ilikula muda na pesa mpaka wakadaiwa na kampuni yao, Warner Bros. Kilichosaidia kupunguza deni ni albamu waliyoirekodi jukwaani mbele ya watu, Live/Dead, ya 1969. Halafu 1970 ikagundulika kwamba meneja wao, ambaye ni baba mzazi wa Mickey Hart, amewaibia zaidi ya dola 100,000 na kutoroka. Nalitaja hili makusudi. Kuna mtu atakayeniambia, "Hao ni Wazungu, walikuwa na vyao, ndiyo maana waligawa." Hapana. Hao ni watu waliokuwa na deni, walioibiwa na mzazi wa mwenzao. Walijua vizuri kabisa uchungu wa kuibiwa. Na bado wakaamua wanaowasikiliza si wezi.

Garcia mwenyewe, kabla bendi haijazaliwa, alisafiri 1964 akiwa na mashine ya kurekodia, akifuata wapigaji wa bluegrass, muziki wa kijijini wa banjo na fidla, ili apate nyimbo zao na kujifunza. Kwa hiyo vijana walipoanza kuingia kwenye maonyesho yake na maikrofoni zimefichwa kwenye makoti, aliona sura yake mwenyewe. Msimamo wake ulikuwa mwepesi: sisi tukishamaliza kuipiga, ile sauti ni ya watu, waichukue.

Kufikia 1984 milingoti ya maikrofoni ilikuwa mingi mpaka inawaziba watu wasione na inamsumbua fundi wa sauti. Sasa ndugu zangu wa mashirika, hapa naomba msome polepole. Walikuwa na tatizo halisi la mpangilio, na dawa rahisi ilikuwa kupiga marufuku, kama mnavyofanya nyinyi. Badala yake, Oktoba mwaka huo, kwenye ukumbi mmoja mjini Berkeley, walitenga sehemu maalumu nyuma ya meza ya fundi wa sauti, wakaiwekea tiketi zake. Ukitaka kurekodi, kaa pale, panga vyombo vyako, usimsumbue mwenzako. Sharti lililobaki lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze.

Na watu walilishika. Ukitaka onyesho fulani, unamtumia mwenye nalo kaseti tupu na bahasha yenye stempu, anakurudishia ikiwa imejaa. Juu ya karatasi ya kaseti waliandika tarehe, mji, ukumbi, nyimbo kwa mpangilio wake, hata aina ya maikrofoni. Hawakuwa wasomi. Walikuwa wanafunzi, makarani, madereva, watu wa kawaida wenye hamu na utaratibu.

Je, bendi ilikufa njaa? Walipiga maonyesho kama 2,300 ndani ya miaka 30, na orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku. Mwenye kaseti ya jana bado alitaka kuwepo leo, kwa sababu leo haitafanana na jana. Wimbo wao mmoja tu ndio ulioingia kumi bora Marekani, Touch of Grey, tena mwaka 1987, miaka 22 baada ya kuanza. Redio haikuwabeba. Waliobebwa na kaseti za mkono kwa mkono walifika miaka ya 1990 wakiwa miongoni mwa bendi zilizoingiza pesa nyingi zaidi kwa ziara nchini Marekani. Kijana wangu unayeficha wimbo wako, sikuahidi utajiri huo; hapa kambini hakuna anayeuza tiketi. Nakuambia tu kwamba wimbo usiosikika hauna mwizi wala mteja.

Lakini pesa si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kumbukumbu, na kuna kisa kimoja cha bendi hii ambacho kila afisa wa mawasiliano angepaswa kukisoma kabla hajakunja ile kamera.

Bendi ilikuwa na fundi wa sauti mwanamke, Betty Cantor-Jackson. Mei 8, 1977 walipiga kwenye ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, naye akarekodi moja kwa moja kutoka kwenye meza ya sauti. Ni kazi safi mno. Baadaye maisha yakamwendea vibaya, kanda zikakaa kwenye stoo ya kukodi, kodi ikamshinda, na 1986 mali iliyokuwa stoo ikapigwa mnada. Kanda za bendi, zile nzuri kuliko zote, zikaangukia mikononi mwa watu waliokuwa wanapita tu mnadani. Nyingine zilikaa mahali pabaya mpaka zikaanza kuoza. Zilizofika kwa mashabiki zilinakiliwa, zikatawanywa, zikapendwa. Onyesho lile la Cornell likawa linatajwa kila mahali, hadi Maktaba ya Bunge la Marekani ikaliingiza kwenye orodha yake ya 2011 ya sauti zinazopaswa kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Toleo rasmi lilitoka 2017. Hesabu mwenyewe: tangu mnada mpaka toleo rasmi ni miaka 31. Miaka yote hiyo nani alilishika? Watu wenye kaseti, wale ambao mahali pengine wangeitwa wezi.

Sasa turudi kwetu. Kituo chetu kilikuwa na bendi ya watu sita. Mpigaji solo alipata makazi mapya, akaenda Marekani. Wa besi alijiandikisha kurudi nyumbani, tangu avuke hatuna habari zake. Mpiga ngoma yuko Nairobi. Walikuwa na nyimbo kumi na moja. Leo ninazo mbili. Mwimbaji wao alifariki. Aliugua wiki mbili tu.

Baada ya matanga mama yake alikuja kituoni. Hakuuliza cheti, hakuuliza posho yake iliyobaki. Aliuliza kama sauti ya mwanawe ipo mahali. Nilijua ipo, kwa sababu shirika moja lilimrekodi mara mbili jukwaani, nami nilikuwepo, nikiambiwa nisaidie kuhakikisha watu wameweka simu chini. Nilikwenda ofisini. Nikaambiwa afisa aliyekuwa na ile kompyuta mkataba wake umekwisha, kazi zote ziko makao makuu, niandike barua pepe. Niliandika mara tatu. Hakuna aliyejibu.

Sauti ya kijana yule ilipatikana kwenye kibanda cha kuchajisha simu. Mvulana anayefanya kazi pale alikuwa amejificha nyuma ya spika siku ile, akarekodi dakika nne kwa simu ya vitufe. Faili halina jina, ni namba tu. Spika inakwaruza, kuna mtu anakohoa, kuna mtoto analia. Katikati ya kelele hizo yumo yeye, anaimba. Mama alisikiliza, akaomba irudiwe, kisha akaomba iwekwe kwenye memori kadi yake. Kama mvulana yule angelitii tangazo letu, mama angerudi mikono mitupu. Fikirini hilo, nyinyi mnaotunga matangazo.

Hapo ndipo nikaanza kuwatazama upya hawa vijana wa vibanda vya kuchaji. Ofisini wanaitwa wezi wa nyimbo. Mimi nawaona kama wale wa nyuma ya meza ya sauti kule Berkeley. Wanayo mashine, wanao umeme wa sola, wanajua nani ana wimbo gani, na kila jioni kambi nzima inapita kwao. Ukienda Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Dzaleka utakuta biashara ni ileile: unaacha simu ichajiwe, unaondoka na chaji pamoja na nyimbo. Hiyo ni maktaba. Imekosa tu mtu wa kuipa heshima na kuiambia iandike tarehe.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimekaa kwenye vikao vyenu. Mtasema "ulinzi." Kuna watu hapa waliokimbia maadui wenye majina, na sura zao zikionekana kwenye simu ya mtu asiyejulikana, wanaweza kutafutwa. Hii ni hoja ya kweli na siipuuzi. Ninao wawili wa namna hiyo kwenye kikundi changu. Lakini inajibika. Sauti haina sura. Rekodi sauti, acha video. Mwanamuziki aulizwe kabla hajapanda, na akisema hapana iwe hapana, kwa simu ya jirani na kwa kamera yenu pia. Maana hapo ndipo mnaposhindwa kunishawishi: kama hatari ni sura kuonekana, mbona mnazipeleka sura zetu kwenye ripoti na kalenda zinazosomwa nchi ambazo hatujui hata ziko wapi? Fomu ya ridhaa tunasaini ili nyinyi mchukue. Hakuna mahali kwenye ile fomu panaposema mtaturudishia.

Mtasema pia kwamba simu nyingi zinaharibu sherehe. Sawa, tengeni sehemu. Kamba na vijiti vinne havihitaji mfadhili.

Na kwa wanamuziki wenzangu mnaosema "nitaibiwa": wizi upo, lakini angalieni unatokea wapi. Mtu akichukua wimbo wako ambao hakuna aliyewahi kuusikia, utathibitishaje ni wako? Lakini wimbo uliomo kwenye memori kadi mia mbili, wenye jina lako, tarehe na mahali, una mashahidi mia mbili. Nakala ndiyo cheti cha mtu asiye na cheti.

Wapo wanaodhani muziki wa mtu aliyehamishwa ni wa kusikitisha wageni tu, ukishasikitisha umemaliza kazi. Hao nawapa kisa cha Misri. Septemba 1978 Grateful Dead walikwenda Giza, wakapiga siku tatu mfululizo karibu na piramidi. Aliyepiga nao ni Hamza El Din, Mnubi, mpigaji wa udi na dufu. Kijiji chake cha Toshka kilimezwa na maji ya Bwawa la Aswan, na Wanubi makumi ya maelfu walihamishwa miaka ya 1960. Kabla maji hayajafika, yeye alizunguka vijijini akikusanya nyimbo. Pale Giza alianza na Wanubi wenzake, makofi na sauti tu, wimbo uitwao Ollin Arageed, halafu bendi ikaingia nyuma yake polepole, mpaka hujui tena makofi yameishia wapi na magitaa yameanzia wapi. Hakuwekwa pale ili ahurumiwe. Yeye ndiye aliyeongoza, na wenye magitaa ya umeme wakamfuata.

Bendi iliporudi nyumbani haikuridhika na kazi ile: piano ilikuwa imepoteza sauti, mpiga ngoma mmoja alipiga akiwa amevunjika mkono. Wakaiweka kando. Rekodi rasmi ilitoka 2008. Hamza El Din alikuwa amefariki 2006, hakuiona. Lakini wimbo wa watu ambao ardhi yao iko chini ya ziwa unasikika leo, kwa sababu siku ile kulikuwa na kanda inayozunguka. Kijiji kinaweza kwenda na maji, kambi inaweza kufungwa kwa tangazo moja, na sisi wote tunajua matangazo ya namna hiyo. Baada ya hapo kinachobaki ni kile ambacho watu wametoka nacho mfukoni.

Sasa lile suala la dawa, maana nimeahidi. Bendi hii isitumike hapa kama kisingizio. LSD ilikuwa bado haijakatazwa California walipoanza. Ilikatazwa Oktoba 1966. Lakini lililofuata halikuwa sherehe. Pigpen alikufa 1973 akiwa na miaka 27, pombe imemmaliza. Brent Mydland, mpiga kinanda wao, alikufa 1990 kwa kuzidisha dawa. Garcia alihangaika na heroini miaka mingi, moyo ukamsimamia Agosti 9, 1995, kwenye kituo cha matibabu ya waraibu, akiwa na miaka 53. Bendi ikaishia hapo. Kijana anayeniambia muziki mzuri unahitaji kuvuta kitu kwanza, namwonyesha majina haya matatu. Kilichowafanya wakumbukwe hakikutoka kwenye bomba la sindano. Kilitoka kwa watu wenye subira, waliokaa nyuma ya meza ya sauti wakiandika tarehe.

Na wala si malaika kwenye hili la kurekodi. Novemba 2005, Garcia akiwa ameshafariki miaka kumi, waliobaki waliagiza maonyesho yao yaondolewe kwenye hifadhi ya bure ya intaneti, kwa kuwa sasa kulikuwa na biashara ya kuyauza. Mashabiki waliwaka. Ndani ya siku chache bendi ikarudi nyuma: zile zilizorekodiwa na watu zikaachwa zichukuliwe bure, zile za meza ya sauti zikaruhusiwa kusikilizwa papo hapo tu. Napenda kisa hiki kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha jambo walilolijenga lilishakuwa kubwa kuliko wao. Watu waliopewa haki ya kutunza walijua kuidai.

Tena ukimpa mtu haki ya kutunza, anaweza kugeuka kuwa mtunzaji kweli. Dick Latvala alikuwa shabiki tu, mkusanyaji wa kaseti. Miaka ya 1980 bendi ilimwajiri atunze chumba cha kanda zao, na kuanzia 1993 maonyesho aliyoyachagua yakaanza kutolewa rasmi kwa jina lake, Dick's Picks, mpaka yakafika matoleo 36, mengine baada ya kifo chake 1999. Sasa niambieni, kati ya nafasi zote za kazi za motisha tunazotangaziwa ubaoni, ni lini tumewahi kuona moja ya mtunza sauti? Tuna walinzi wa ghala la magunia. Ghala la nyimbo hatuna hata ufunguo.

Pesa ya sherehe ipo, tusidanganyane. Tunakodiwa spika kubwa kutoka mjini, jenereta, mahema, mabango yenye nembo tano. Grateful Dead nao walipitia wazimu huo. Mwaka 1974 walizunguka na mtambo wa sauti wenye spika zaidi ya 500 na uzito wa karibu tani 75; gharama iliwaelemea, na kabla mwaka haujaisha wakauacha. Mtambo ule haupo tena. Kanda za mwaka ule zipo, unaweza kuzisikiliza leo. Robo ya pesa ya mabango ingetosha kununua kirekodi kimoja kizuri na memori kadi za kituo kizima.

Kwa hiyo naomba, na kwa kuwa kuomba hatujaanza leo, safari hii naandika kama madai.

Kwanza, kila onyesho la wazi liwe na sehemu ya wanaorekodi, karibu na fundi wa sauti, na tangazo la "weka simu chini" lifutwe. Pili, shirika lolote linalorekodi wanamuziki wa kambi liache nakala kituoni ndani ya siku saba, kabla afisa hajahamishwa na kompyuta yake. Tatu, kila rekodi iandikwe tarehe, mahali, majina ya wapigaji kama wamekubali, na lugha ya wimbo. Nne, mwanamuziki anayekataa aheshimiwe, na anayekubali asitozwe kitu. Tano, wa vibanda vya kuchaji watoze umeme wao kama kawaida, lakini wimbo wa kambi usiuzwe. Anayeutaka aje na memori kadi apewe. Ni sharti lilelile: badilishaneni, msiuze.

Wala si jambo geni kwamba wakimbizi waweze kusimamia utamaduni wao wenyewe. Kule Dzaleka, Malawi, Tamasha la Tumaini lilianzishwa 2014 na Menes La Plume, mshairi Mkongomani aliyekuwa akiishi kambini humohumo, na watu hutoka nje ya kambi kwenda kusikiliza. Sisi tunachoomba ni kidogo kuliko tamasha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu vijana wanapiga hapa kituoni, kuanzia saa tisa alasiri. Sijaomba kibali cha kurekodi, kwa sababu wapigaji wote wameshakubali, na wimbo ni wao. Nyuma ya meza ya fundi nitafunga kamba, nafasi za watu kumi. Mvulana wa kibanda ameshachukua ya kwanza. Njoo na simu iliyojaa chaji, njoo na daftari, uandike tarehe.